Namba Moja, Miili Tofauti: Mwongozo wa Kupima Mafuta ya Damu Ukiwa na Maradhi ya Kudumu au ya Kurithi

Karatasi ya majibu ya mafuta kwenye damu huandikwa kana kwamba wagonjwa wote ni wamoja. Huku namba yako, kule kiwango kinachotakiwa, katikati herufi ya kuonyesha umezidi au umepungua. Karatasi hiyo haijui kama una selimundu, kama unameza ARV, kama figo zako zinavuja protini, wala kama wiki iliyopita ulilazwa kwa malaria. Hayo yote yanabadilisha maana ya namba. Kolesteroli ya 3.0 kwa mwalimu wa Nyakato mwenye kisukari ni habari njema. Kwa binti wa Sangabuye mwenye selimundu, namba hiyohiyo haisemi lolote jema kuhusu moyo wake.

Mwongozo huu ni wa mkazi wa Ilemela, Mwanza, anayeishi na ugonjwa wa muda mrefu, au aliyezaliwa katika ukoo wenye ugonjwa wa kurithi. Unaeleza lini upime, ujiandae vipi, na usomeje majibu ukiwa na daktari wako.

Kilichomo kwenye karatasi

Kipimo kamili kina namba nne. Ya kwanza ni kolesteroli yote, ambayo wengine huiita lehemu. Ya pili ni LDL, ile inayojibandika kwenye kuta za mishipa na kuiziba miaka inavyokwenda. Ya tatu ni HDL, inayosaidia kuyarudisha mafuta kwenye ini. Ya nne ni trigliseridi, mafuta yanayotokana na chakula na yale yanayotengenezwa na ini, hasa mtu anapokula wanga na sukari nyingi au anapokunywa pombe.

Kabla ya kusoma namba, angalia kizio. Maabara nyingine huandika mmol/L, nyingine mg/dL. Kolesteroli ya 5.2 mmol/L ni sawa na 200 mg/dL. Ukitaka kugeuza mmol/L ya kolesteroli, LDL au HDL kuwa mg/dL, zidisha kwa 38.67, kwa trigliseridi zidisha kwa 88.6. Watu wamewahi kuogopa bure kwa kulinganisha majibu ya maabara mbili zenye vizio tofauti.

Jambo la pili ni kuwa mara nyingi LDL haipimwi moja kwa moja, inapigiwa hesabu. Kanuni inayotumika sana ilitolewa na Friedewald na wenzake mwaka 1972: chukua kolesteroli yote, toa HDL, kisha toa trigliseridi iliyogawanywa kwa 2.2. Mwenye kolesteroli 5.0, HDL 1.2 na trigliseridi 2.2 atapata LDL ya 2.8. Hesabu hii haifai trigliseridi ikizidi 4.5 mmol/L, na wanaofika huko mara nyingi ni haohao wenye kisukari kisichodhibitiwa, ugonjwa wa figo au tatizo la kurithi. Trigliseridi yako ikiwa juu hivyo, muulize mtaalamu wa maabara kama LDL iliyoandikwa imepimwa au imehesabiwa. Unaweza pia kutumia hesabu nyepesi isiyovurugwa na trigliseridi: kolesteroli yote kutoa HDL. Kinachobaki ni jumla ya mafuta yote yanayoweza kuziba mishipa.

Nani apime, na lini

Si kila mtu anahitaji kipimo hiki. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 chati za kukadiria hatari ya ugonjwa wa moyo na kiharusi kwa watu wa miaka 40 hadi 74, na ipo chati inayotumia umri, jinsia, uvutaji sigara, presha na uwiano wa uzito na kimo bila damu kutolewa kabisa. Ila chati hizo hazikutengenezwa kwa ajili ya mwenye ugonjwa wa kurithi wa kolesteroli, na hukadiria hatari ya mtu anayeishi na VVU kuwa ndogo kuliko ilivyo.

Omba kipimo hiki ikiwa:

- una kisukari, hata kama sukari imetulia;
- una ugonjwa wa figo, hasa ukivimba uso na miguu;
- unaishi na VVU, kabla ya kuanza dawa au kubadilishiwa, na baadaye kwa ratiba ya kliniki;
- umewahi kupata kiharusi au mshtuko wa moyo;
- unatumia prednisoloni au dawa za magonjwa ya akili kama olanzapini kwa muda mrefu;
- baba au kaka yako alipata ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada yako kabla ya 65;
- umewahi kuugua kongosho bila sababu kujulikana.

Kuna nyakati za kuahirisha. Malaria, nimonia, homa kali au maumivu makali ya selimundu hushusha kolesteroli na kupandisha trigliseridi kwa muda. Ukipima ukiwa kitandani utapata picha ya ugonjwa wa wiki ile, si ya mwili wako wa kila siku. Subiri angalau wiki 4 baada ya kupona. Mimba nayo hupandisha mafuta yote kwa njia ya kawaida kabisa. Kama hakuna sababu maalumu, subiri wiki 6 au zaidi baada ya kujifungua. Na kama umeongezewa damu hivi karibuni, mwambie daktari kabla hajaandika kipimo.

Kujiandaa

Swali la kwanza la kila mtu ni kama lazima afunge kula. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa ndiyo, kwa muda wa saa 9 hadi 12. Mwaka 2016 wataalamu wa Ulaya wa mafuta ya damu na wa maabara walikubaliana kwamba kwa wengi si lazima: chakula cha kawaida hupandisha trigliseridi kidogo tu na hakibadilishi sana LDL. Kufunga kunahitajika zaidi kama kipimo cha kwanza kilionyesha trigliseridi iliyozidi takriban 4.5, au kama daktari anafuatilia ugonjwa wa trigliseridi wenyewe. Kila maabara ina utaratibu wake, kwa hiyo uliza siku moja kabla.

Mwenye kisukari awe mwangalifu hapa. Ukichoma insulini au kumeza glibenklamidi halafu ukakaa na njaa kwenye foleni hadi saa 5 asubuhi, sukari inaweza kushuka ukaanguka. Usifunge mpaka umekubaliana na kliniki kuhusu dozi ya jioni na ya asubuhi. Nenda na kitu cha kula mfukoni, na ukisikia kutetemeka, jasho au kizunguzungu, kula papo hapo. Kipimo kitafanyika siku nyingine. Maji ya kunywa yanaruhusiwa. Dawa za presha na ARV kwa kawaida hazisimamishwi.

Wavuvi wa dagaa wa Igombe na Kayenze wana shida yao: usiku wanakesha ziwani na taa, alfajiri wanatia nanga wakiwa wamechoka, na mlo wao mkubwa haufuati saa za maabara. Panga kupima siku za mbalamwezi, wakati kazi ya taa imesimama na umelala usiku. Usinywe pombe siku 2 au 3 kabla, iwe bia au gongo, maana pombe hupandisha trigliseridi waziwazi.

Ukifika maabara, keti dakika 5 hadi 10 kabla ya kutolewa damu. Mtu aliyetoka kupanda mlima au aliyesimama muda mrefu hupata namba zilizopanda kidogo kwa sababu maji ya damu yametoka kwenye mishipa. Mpira wa mkononi nao ukikazwa zaidi ya dakika moja una athari hiyohiyo.

Mwenye macho ya njano aseme mapema. Nyongo nyingi kwenye damu, na chembe nyekundu zilizopasuka ndani ya kichupa, huvuruga mashine nyingi zinazosoma kolesteroli kwa rangi. Wenye selimundu wana yote mawili mara kwa mara. Ukiambiwa sampuli imeharibika na damu irudiwe kutolewa, usikasirike. Ni heri hivyo kuliko kupewa namba ya uongo.

Kusoma majibu kwa kila hali

*Kisukari.* Sura ya kawaida ni trigliseridi juu, HDL chini, na LDL inayoonekana ya wastani. Usidanganywe na huo wastani. Katika kisukari chembe za LDL huwa ndogo na nyingi, na hatari yake ni kubwa kuliko namba inavyoonyesha. Ndiyo maana madaktari huwapa wagonjwa wengi wa kisukari waliotimiza miaka 40 dawa ya kushusha kolesteroli ya jamii ya statini hata LDL isipokuwa juu, na hutaka ishuke chini ya 2.6, au chini ya 1.8 kwa aliye na hatari kubwa. Trigliseridi ikiwa juu sana, anza na sukari: sukari ikidhibitiwa, trigliseridi nayo hushuka.

*VVU.* Kabla ya dawa, virusi vyenyewe hushusha kolesteroli, HDL ikiwemo. Ukianza ARV na mwili ukarudi, namba hupanda. Sehemu ya kupanda huko ni afya inayorejea. Dawa zenyewe zinatofautiana. Vidonge vya TLD vyenye dolutegraviri, ambavyo Tanzania ilianza kuvitumia kwa wengi mwaka 2019, havivurugi sana mafuta ya damu. Dawa za mstari wa pili zenye ritonaviri, kama lopinaviri, hupandisha trigliseridi zaidi. Kliniki ya VVU (CTC) ikikuandikia statini, taja jina la ARV unayomeza: simvastatini haitumiki kabisa pamoja na ritonaviri, kwa kuwa kiasi chake mwilini huongezeka mpaka misuli ikaharibika. Utafiti uitwao REPRIEVE, uliotangazwa mwaka 2023 na kuhusisha watu 7,769 wenye VVU katika nchi 12, Uganda ikiwemo, ulionyesha kuwa pitavastatini ilipunguza matukio ya moyo na kiharusi kwa takriban asilimia 35. Wengi wao hawakuwa na LDL ya juu. Kwa hiyo ukiambiwa "mafuta yako ni ya kawaida", uliza pia hatari yako kwa jumla ikoje.

*Selimundu.* Kanda ya Ziwa inaujua ugonjwa huu. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa sampuli 17,200 za damu ya watoto wachanga wa kaskazini magharibi mwa Tanzania, zilizokuwa zimeletwa Hospitali ya Bugando kupimwa VVU. Mtoto 1 kati ya 5 alikuwa amebeba jeni moja ya selimundu, na asilimia 1.2 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Wenye ugonjwa kwa kawaida wana kolesteroli, LDL na HDL za chini. Sababu ni kwamba uboho unatengeneza chembe nyekundu mfululizo kufidia zinazovunjika, na kila chembe mpya inahitaji kolesteroli ya kujengea utando wake. Kolesteroli ndogo hapa ni alama ya kazi nzito ya mwili. Namba ya kuitazama ni trigliseridi: ikiwa juu, huendana na kuvunjika kwa chembe na shinikizo katika mishipa ya mapafu. Na kama mwenye selimundu anapimwa sukari ya miezi mitatu, ile HbA1c, ajue kipimo hicho hakiaminiki kwake kwa kuwa chembe zake haziishi muda wa kawaida. Sukari ipimwe kwa njia nyingine.

*Figo.* Figo zinapovuja protini nyingi, ini hujibu kwa kutengeneza mafuta mengi, na kolesteroli inaweza kupanda mara mbili ya kawaida hata kwa mtoto. Hapo tiba ya kwanza ni figo. Kwa aliyefikia kusafishwa damu kwa mashine, kolesteroli ya chini sana inaweza kuwa dalili ya utapiamlo, na mgonjwa huyo anahitaji kutazamwa anakula nini.

*Kichocho.* Hiki hakimo kwenye vitabu vingi vya moyo, ila pwani ya ziwa kina nafasi yake. Katika visiwa vya Koome, upande wa Uganda wa Ziwa Victoria, watafiti walilinganisha vijiji vilivyopewa dawa za minyoo na kichocho mara nyingi na vile vilivyopewa kwa utaratibu wa kawaida. Walikopewa mara nyingi, LDL ilikuwa juu zaidi. Maambukizo ya minyoo yanaelekea kushusha kolesteroli. Ukiwa mkazi wa mwaloni na umetibiwa kichocho, usishangae namba ikipanda kidogo baadaye, na usiache kumeza dawa ya kichocho kwa ajili hiyo: madhara ya kichocho chenyewe kwenye ini, utumbo na kibofu ni makubwa mno.

Sangara akipimwa pamoja na barafu yake, mzani haujasema uongo. Umepima vyote viwili. Kipimo cha mafuta nacho hupima moyo wako pamoja na ugonjwa ulionao, dawa unazomeza na wadudu waliomo mwilini. Kazi ya daktari ni kuvitenganisha, na hawezi kuvitenganisha usipomwambia vyote.

Kolesteroli ya kurithi

Kuna watu wanaozaliwa na kolesteroli ya juu hata wakiwa wembamba na wanatembea kila siku. Jeni moja yenye hitilafu, mara nyingi ile ya kipokezi cha LDL kwenye ini, inatosha. Michael Brown na Joseph Goldstein walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa kueleza jinsi kipokezi hicho kinavyofanya kazi. Duniani inakadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 250 hadi 300 ana hali hii, na wengi hawajui.

Shuku ukiona LDL ya mtu mzima imefika 4.9 mmol/L au zaidi, huku ini, figo na tezi ya shingo vikiwa salama. Tezi ipimwe kwanza, kwa sababu ikilegea hupandisha kolesteroli vilevile. Tazama pia kano nene nyuma ya kisigino, vinundu vya mafuta kwenye viungo vya vidole, na duara jeupe pembezoni mwa mboni kwa mtu asiyefika miaka 45.

Ikithibitika, mgonjwa si mmoja. Kila mtoto wa mwenye hali hii ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, na ndugu wa tumbo moja vivyo hivyo. Wapimwe wazazi, ndugu na watoto. Watoto wapimwe kabla ya miaka 10. Si lazima kipimo cha jeni, LDL ya kawaida inatosha kuanzia. Mtoto aliyerithi jeni mbovu kutoka pande zote mbili huwa na LDL inayozidi 10, na anaweza kupata ugonjwa wa moyo akiwa shuleni. Huyo anahitaji rufaa haraka.

Urithi huweza pia kushusha. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa watu weusi wapatao 2.6 katika kila 100 wamebeba mabadiliko katika jeni ya PCSK9. LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28, na ugonjwa wa moyo ulipungua kwao kwa asilimia 88. Ugunduzi huo ulizaa dawa mpya kabisa. Kwa hiyo LDL ya chini kwa mtu mzima mwenye afya, asiye na maradhi yaliyotajwa hapa, si jambo la kuhofia.

Trigliseridi nayo ina hitilafu zake za kurithi. Ikizidi 10 mmol/L kongosho liko hatarini. Mtaalamu wa maabara ataona seramu nyeupe kama maziwa; muombe aandike hivyo kwenye majibu.

Sato, sangara na dagaa

Anayeishi kando ya ziwa huambiwa samaki ni dawa. Ushahidi wa Tanzania upo. Mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Lugalawa uliolinganisha watu zaidi ya 1,200 wa vijiji viwili vya Ludewa: kimoja kando ya Ziwa Nyasa ambako watu walikula samaki kila siku, na kingine walikokula zaidi vyakula vya mimea. Wala samaki walikuwa na presha ya chini, kolesteroli na trigliseridi ndogo, na pia Lp(a) ndogo, aina ya mafuta inayoamuliwa zaidi na urithi na ambayo huwa juu kwa watu wengi wenye asili ya Afrika.

Hao walikuwa wakila samaki wa ziwani kama chakula cha kila siku. Sangara aliyezamishwa kwenye mafuta yaliyotumika mara nyingi, akaliwa na chipsi na soda, ni mlo mwingine. Chemsha, choma au pika mchuzi. Dagaa waliokaushwa vizuri wanafaa; mwenye presha au figo aangalie chumvi. Na kwa mwenye kolesteroli ya kurithi, samaki ni msaada tu, dawa anaihitaji.

Pa kuanzia Ilemela

Anza unakotibiwa siku zote: kliniki ya kisukari, CTC, au kituo cha afya kama Buzuruga au Sangabuye. Uliza mambo matatu: je, kipimo kamili cha namba nne kinapatikana leo, au kolesteroli yote tu? Vitendanishi vipo? Bima yangu inalipia, na kama hailipii ni shilingi ngapi? Kama hakipo, omba karatasi ya rufaa kwenda hospitali ya wilaya, Sekou Toure au Bugando. Karatasi hiyo itaje ugonjwa ulionao na dawa zako, isiandikwe "lipidi" peke yake.

Kipimo cha tone la kidole kinachofanywa kwenye maonyesho ya afya kinasaidia kuchuja tu. Usianze wala kuacha dawa kwa sababu yake.

Weka daftari moja. Kila kipimo kiwe na tarehe, jina la maabara, kizio, kama ulifunga, dawa ulizokuwa ukimeza, na kama uliugua mwezi ule. Trigliseridi ya mtu yuleyule inaweza kupanda au kushuka kwa asilimia 20 bila sababu, kwa hiyo uamuzi wa dawa ya muda mrefu usijengwe juu ya kipimo kimoja, isipokuwa hatari iko wazi. Ukianza statini, rudia baada ya wiki 4 hadi 12 kuona kama imefanya kazi. Mwanamke anayetaka kushika mimba azungumze na daktari kwanza, maana mara nyingi dawa hiyo husimamishwa.

Mwisho, kipimo hiki ni cha kuzuia na hakina kazi wakati wa dharura. Maumivu ya kifua yanayobana, mdomo kupinda, mkono kufa ganzi ghafla, au maumivu makali ya juu ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni kwa mtu mwenye trigliseridi ya juu: usisubiri asubuhi ufunge kula upimwe. Nenda hospitali saa hiyohiyo, na lile daftari uende nalo.